Kilimarondo Nako Kuna Bahari?

Siku moja tulikuwa Feri, pale Magogoni, Dar es Salaam, mimi na washikaji wangu wawili. Tulikwenda kula samaki wa kukaanga, na kama ilivyo kawaida ya vijana wa mjini, tukaanza kutambiana makwetu. Mmoja kwao Bagamoyo, akasema babu yake alikuwa nahodha wa jahazi. Wa pili kwao Kilwa Masoko, akasema wao huzaliwa na nyavu mkononi. Zamu yangu ilipofika nikasema bila kufikiri: "Kwetu sisi ni wavuvi vilevile."

"Kwenu wapi?"

"Kilimarondo."

Jamaa walicheka mpaka muuza samaki akageuka. "Kilimarondo nako kuna bahari?"

Nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lilikuwa refu, na pale Feri mtu hana subira ya habari ndefu: mnada unapigwa, maji ya barafu yanamwagika miguuni, wabebaji wanapita mbio na matenga kichwani. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini naona bado lina kazi.

Ndugu msomaji, kama hujafika, Kilimarondo ni kata ya wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, upande wa magharibi wa wilaya. Unafika kwanza Nachingwea mjini, ukidhani umemaliza, kumbe safari yenyewe ndiyo inaanza. Jirani yake ni Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1995. Bahari iko mbali, zaidi ya kilometa 100. Watu ni wakulima: mahindi, mihogo, korosho, ufuta, mbaazi. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba hapo pana historia ya uvuvi, atacheka kama walivyocheka wenzangu.

Lakini nyumbani kwa bibi yangu, mzaa mama, kulikuwa na mgono. Ulikuwa umening'inia juu ya meko, mweusi kwa moshi, umefumwa kwa fito nyembamba, mdomo mpana na mkia mwembamba, na ndani yake koo la vijiti linalomruhusu samaki kuingia lakini halimruhusu kutoka. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tenga la kuku. Mwaka 2016, nilipokwenda likizo nikiwa nimemaliza masomo, nikauliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umemaliza shule?"

"Nimemaliza, bibi."

"Basi kaa chini sasa nikufundishe."

Nikakaa. Alichonifundisha jioni ile, na jioni nne zilizofuata, nilikiandika katika daftari la kurasa arobaini ambalo ninalo mpaka leo.

Alisema kwamba zamani, alipokuwa msichana, ukoo wao ulikuwa na dimbwi. Mto wao haukuwa wa maji ya mwaka mzima. Masika unafurika, kiangazi unakatika na kubaki madimbwi, moja huku, jingine kule, kama shanga zilizokatika uzi. Kila dimbwi lilikuwa na watu wake. La kwao lilitunzwa na mjomba wa bibi. Kusini kwetu, kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kuletewa salamu tu. Mjomba ndiye mwenye neno.

Dimbwi lilikuwa na sheria. Hakuna kuvua kwa wingi mpaka mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na mvua ziko karibu. Kabla ya hapo ni mgono mmoja mmoja, kwa mboga ya siku ile. Siku ya kufungua ilitangazwa na mjomba, na hapo walikwenda wote: wanawake na vikapu, wanaume na mikuki, watoto na kelele zao. Utupa ulitwangwa na kutiwa majini, samaki wakalewa na kuelea. Jirani wa dimbwi jingine alialikwa, kwa sababu kesho na wao watafungua la kwao. Mjane alipewa fungu kabla ya mwenye mkuki. Na sheria ya mwisho, ambayo bibi aliitaja akiwa ameinua kidole: upande wa juu kulikuwa na dimbwi dogo, lenye kivuli, wakiliita la mbegu. Hilo halikuguswa. Hata ukiwa na njaa.

"Na anayegusa?" nikauliza.

"Nani aguse? Mjomba yupo."

Jibu hilo lilinipita wakati ule. Nimelielewa baadaye sana, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilirudi Dar nikaanza kusoma habari za samaki, nikitaka kujua kama sheria za wale wazee zilikuwa na maana au ni miiko mitupu. Zilikuwa na maana. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, ndiyo sababu anaweza kukaa katika dimbwi la tope ambalo samaki mwingine angekufa, na hata kutambaa usiku wa mvua kutoka maji haya kwenda yale. Mvua za kwanza zikija na mto ukafurika, kambare hutoka madimbwini na kwenda kutaga katika majani yaliyofunikwa na maji. Kwa hiyo samaki wa mto mzima wa mwakani ni wale waliosalia katika madimbwi mwaka huu. Ukimaliza dimbwi la mbegu, umemaliza mto. Utupa nao una sumu inayomzuia samaki kutumia hewa iliyomo majini, lakini sumu hiyo huvunjika kwa jua na joto katika siku chache. Sisemi tuutumie: leo sheria ya nchi inakataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote, na inafaa ikataze. Ninachosema ni kwamba wale wazee walijua wanalolifanya, wakalifanya siku moja kwa mwaka, mahali pamoja, mbele ya macho ya watu wote.

Nikagundua na jambo la pili, na hili ndilo jibu la kwanza kwa wale washikaji wangu wa Feri. Nchi ya Nachingwea na Ruangwa haina bahari, lakini maji yake yote yanakwenda baharini. Upande wa kaskazini yanaingia Mbwemkuru, mto unaoteremka hadi Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi. Upande wa mashariki yanaingia Lukuledi, unaomwaga katika ghuba ya Lindi. Upande wa kusini yanashuka Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Na wapo samaki wanaoifuata njia hiyo. Mkunga wa mtoni, yule mrefu kama nyoka, hazaliwi mtoni. Wataalamu wanaamini kwamba mikunga wa mito yetu ya pwani ya mashariki huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska. Wanaletwa na mikondo wakiwa wadogo, wepesi, mwili kama kioo, wanaingia katika milango ya mito, wanapanda juu na kukaa miaka mingi katika maji baridi. Wakikomaa wanateremka tena, wanarudi baharini kuzaa, na huko ndiko wanakofia. Kwa mkunga hakuna mtu wa pwani na mtu wa bara. Mpaka huo tumeuchora sisi.

Sasa fungua vitabu vya historia uone uvuvi umeandikwa wapi. Umeandikwa pwani. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mwandishi mmoja wa Kigiriki aliandika kitabu cha safari za mabaharia kiitwacho Periplus. Akizungumzia kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wengine hudhani ni Pemba, wengine Unguja au Mafia, anasema watu wake wana mitumbwi ya gogo moja na mashua zilizoshonwa kwa kamba, na kwamba huvua kwa mitego iliyosukwa kama vikapu, wakiitega mahali mawimbi yanapopita. Niliposoma hapo nilisimama. Mtego uliosukwa kama kikapu! Miaka karibu 2000 baadaye wavuvi wa pwani wanatega madema, na bibi yangu ana mgono juu ya meko. Ni ukoo mmoja wa ufundi. Ila yule Mgiriki alikuwa na jahazi, na jahazi halipandi Kilimarondo.

Ibn Battuta naye alipita mwaka 1331. Wa Mombasa akaandika kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Kilwa akaandika habari za mji wake na sultani wake. Akageuza na kurudi zake Arabuni. Wa bara hakuwaona, na asiyekuwapo, Waswahili wanasema, na lake halipo.

Lakini kutoandikwa si kutokuwapo. Mwaka 1938 meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini, ilimvua samaki ambaye wataalamu waliamini kwamba alikwisha toweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Ni yule silikanti. Dunia nzima ikashtuka. Wa pili alipatikana Visiwa vya Ngazija mwaka 1952, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba wavuvi wa huko walimfahamu siku zote, wana na jina lake, gombessa, na hawampendi hata kwa mboga. Mwaka 2003 akanaswa katika jarife la papa huku kwetu, karibu na Songo Mnara, Kilwa. Miaka yote ile vitabu vilisema samaki huyu amekufa, naye yuko chini anaogelea. Basi msinishangae nikisema kwamba historia ya uvuvi wa bara nayo iko hai chini huko, inangoja mwenye jarife.

Sasa nirudi kwenye dimbwi, maana swali langu kubwa ni hili: lilikwenda wapi? Mwaka ule 2016 nilimwomba bibi anipeleke. Akakataa. Akasema, "Utaona shimo."

Ili kueleza jinsi dimbwi lilivyokuwa shimo inabidi nipite katika historia ya kusini, na historia hiyo, ukiitazama kwa jicho la mvuvi, ni historia ya watu kuondolewa karibu na maji.

Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje zilikata nchi hii. Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa katika bara la Afrika Mashariki. Samaki wakavu na chumvi ya pwani vilipanda bara, na binadamu wakateremshwa pwani. Aliyekaa bondeni karibu na njia alikuwa hatarini. Juu ya hayo kulikuwa na uvamizi wa Wangoni, ambao mwaka 1882 ulifika hadi Masasi. Watu walikimbilia vilimani na msituni. Mito ilibaki peke yake. Lakini hali ilipotulia, wazee wanasema, watu walirudi, na kila ukoo ulijua maji yake.

Kisha vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907. Wengi wetu tunamjua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kwa sababu ya tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Masimulizi ya wazee yanasema aliingia katika maji ya dimbwi, akakaa, na alipotoka alikuwa mkavu. Mimi mjukuu wa watu wa dimbwi nikisoma hapo sioni ajabu: kwa watu wa kusini, nguvu ilitegemewa kutoka majini. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Na hapa pana jambo ambalo sisi waandishi chipukizi tusilisahau. Mengi tunayoyajua ya vita vile, upande wa wananchi, yaliokolewa mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini kuwauliza wazee. Vijana wa umri wetu! Walikwenda na madaftari. Wangechelewa miaka kumi wangekuta makaburi.

Baada ya vita watu walirudi tena madimbwini. Bibi alizaliwa katika miaka ya 1940, na alikuwa mtoto mdogo wakati wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi wao mkubwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta yakang'oa misitu, reli ikajengwa kutoka pwani, na mwaka 1951 mradi ukafa ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Vitabu vinavyoeleza habari hizi vinahesabu ekari, matrekta na pauni. Bibi yeye alikumbuka mngurumo tu, na kwamba mjomba wake alisema: "Hawa wanatafuta mafuta ya karanga, mafuta ya kambare yapo hapa." Wakacheka, wakaendelea kutega migono.

Safari ya mwisho ndiyo iliyomaliza. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kabla ya mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 nchini walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji. Familia ya bibi ilihamia barabarani mwaka 1974. Sitaki kusema uongo: kijijini kulikuwa na shule, na katika shule hiyo ndimo mama yangu alimojifunza kusoma. Asingesoma yeye, mimi leo nisingeandika. Bibi mwenyewe alilikiri hilo. Lakini dimbwi lilibaki nyuma, mwendo wa nusu siku. Mjomba wake, mlinzi wa maji, alikuwa mzee, hakuweza mwendo ule. Alikufa miaka miwili baadaye. Nafasi yake katika ukoo ikachukuliwa na kaka yake bibi, halafu ikamshukia mtoto wa kwanza wa kiume wa bibi, ambaye kwangu mimi ni mjomba. Alirithi jina. Maji hakuyarithi, kwa sababu sasa yalikuwa pori tu kwenye ramani, hayana mtu, na kila aliyepita alivua alivyotaka.

Mwaka 1991 mjomba wangu alichukua dawa ya kuulia wadudu wa shambani, akaimwaga katika dimbwi la ukoo wake. Alimwaga lile kubwa, na alimwaga lile la mbegu.

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta. Nyumbani habari hii haisemwi. Mjomba ni mtu mwema, amenisomesha mwaka mzima kwa fedha ya korosho. Lakini nimejifunza kwamba ukiandika historia na kuwaacha ndugu zako, hiyo si historia, ni hotuba.

Aliniambia mwenyewe, mwaka ule ule wa 2016, tumekaa chini ya mkorosho. Alikuwa na deni, kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Walielea kambare, perege, vyura, mpaka kerengende walianguka juu ya maji. Alijaza magunia mawili. Watu wakala, na watoto kadhaa wakaumwa matumbo. Mvua zilipokuja mto ukafurika kama kawaida, lakini samaki hawakutoka madimbwini kwa sababu hawakuwamo. Miaka iliyofuata udongo ukateremka kutoka mashamba ya juu, dimbwi likajaa mchanga.

Nikamwuliza, "Mjomba, hukujua?"

Akasema: "Nilijua. Lakini lile dimbwi halikuwa la mtu tena. Nilijua nisipomwaga mimi, atamwaga mwingine."

Hapo ndipo nilipolikumbuka jibu la bibi: "Nani aguse? Mjomba yupo." Maneno mawili ya mama na mwana, na kati yake ndimo historia yote inamopita. Maji yanapokuwa na mwenyewe, sheria haihitaji askari. Yakikosa mwenyewe, kila mtu anamkimbilia mwenzake kuharibu.

Msidhani haya ni ya bara tu. Teremka na Lukuledi hadi Lindi, nenda hadi Mtwara, utakuta hadithi ile ile imeandikwa kwa herufi kubwa. Uvuvi wa baruti ulianza katika pwani yetu miaka ya 1960. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 iliupiga marufuku, lakini milio iliendelea. Baruti moja inaua samaki mkubwa na kifaranga chake, na inavunja mwamba wa matumbawe ambao ndio nyumba yao. Mwamba huo hujengwa polepole na viumbe vidogo kwa miaka mingi. Ukimwuliza mpiga baruti, atakupa neno la mjomba wangu: nisipopiga mimi atapiga mwingine. Bahari nayo ilikuwa dimbwi lisilo na mwenyewe.

Lakini pwani kuna kilichotokea ambacho kinanipa moyo. Katikati ya miaka ya 1990 wavuvi wa vijiji vya pwani ya Mtwara na Lindi, watu wa mitumbwi na ngalawa, walichoka kusikia milio. Wakajipanga kijiji kwa kijiji, wakaunda chama chao wakakiita Shirikisho, wakapiga kelele mpaka serikali ikasikia. Mwaka 2000 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, pale pale mto wa bara unapokutana na maji ya chumvi. Sheria mpya ya uvuvi ikaja mwaka 2003, ikiruhusu wananchi wenyewe kuwa na vikundi vya kulinda rasilimali zao. Sisemi kila kitu kilinyooka. Hifadhi nazo zina malalamiko yake, hasa pale mvuvi mdogo anapoona amefungiwa mlango wa nyumba yake. Lakini katika miaka ya karibuni baadhi ya vijiji vya Mafia na Kilwa vimeanza jambo ambalo lingemfurahisha bibi: vinakubaliana kufunga mwamba kwa miezi kadhaa, hakuna kugusa pweza, kisha siku ya kufungua inatangazwa na wote wanashuka pamoja maji yakitoka. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo miezi michache inatosha kumwongezea uzito. Wageni wanaokuja na semina wanaliita jambo hili njia mpya ya uhifadhi. Mpya! Mimi nina daftari la kurasa arobaini linalosema si mpya.

Bibi alifariki mwaka 2018. Nilikwenda mazishini. Gulioni pale kijijini niliona samaki: dagaa wa Mwanza kwa kikombe, ng'onda wa pwani wamefungwa kwa kamba ya ukindu. Samaki wa maji baridi na wa maji ya chumvi, wote wamekuja kwa lori. Wa pale pale hakuwapo hata mmoja. Mtoto wa miaka kumi hivi aliyekuwa ananunua dagaa nilimwuliza kama amewahi kumwona kambare hai. Akanitazama kama nimemwuliza habari za tembo mwenye mabawa.

Siku ya tatu mjomba aliniita. Tukatembea nusu siku, hatukuongea sana. Tukafika. Bibi alisema kweli, ni shimo, tena shimo lenyewe limejaa mchanga na magugu. Lakini upande wa juu, penye kivuli, mchanga ulikuwa umelowana, na mjomba alichimba kwa mkono mpaka maji yakatokea kiasi cha kiganja. Hakusema kitu. Akakaa pale muda mrefu akiyatazama. Mwaka uliofuata nikasikia kwamba yeye na vijana wawili wa ukoo wamepanda miti kandokando ya korongo na wanaomba halmashauri ya kijiji iandike kwamba pale pasilimwe. Sijui itakuwaje, na sitaki kukufungia hadithi kwa fundo la uongo.

Nataka tu kuwaambia wenzangu mnaoandika mashairi na hadithi hapa mjini, tukigombea maneno makubwa: nendeni kwenu. Kila mmoja ana bibi au babu anayejua sheria ya kitu fulani, dimbwi, mzinga, kisima, njia ya ng'ombe, na sheria hiyo haimo katika kitabu chochote. Wale vijana wa mwaka 1968 hawakuwa na kipaji kutuzidi. Waliwahi tu.

Ule mgono sasa uko chumbani kwangu, Tandika. Umening'inia juu ya meza ninapoandikia. Washikaji wangu wale wa Feri wamekuja juzi, yule wa Kilwa akautazama, akaushika, akaingiza mkono katika koo la vijiti na kujaribu kuutoa. Ukanasa kidogo.

"Hii dema ya wapi?" akauliza.

"Kilimarondo," nikamjibu.

Safari hii hakucheka. Akavuta kiti akakaa.